Ngozi Uliyolitengenezea Zeze la Baba

Ng'ambo, Tabora
Jumapili mchana

Ndugu yangu Hamisi,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, na yako sina namna ya kuiuliza. Basi nikupe yetu. Mama Zuhura hajambo. Alikaa eda yake yote humo ndani na ametoka kabla mvua hazijaanza. Zuhura amerudi Nzega kwa mumewe. Duka lako lilifungwa miezi ile minne na siku zake kumi, sasa liko wazi, na ule mlango uliokuwa ukikwama chini umepigwa randa. Sukari ni ya foleni. Betri za redio hazipatikani kabisa, kwa hiyo watu wa vijijini wanaleta redio nzima wakidhani zimekufa, kumbe zina njaa tu. Mimi bado nafundisha fizikia palepale, chaki ikipatikana.

Na Baba yangu yu hai. Yeye ndiye aliyenishikisha kalamu leo. Jumapili iliyopita, kule Goweko, alipiga zeze, na watu waliosimama mbali kwenye ghala la tumbaku wakasikia kila uzi. Walisikia kwa ngozi yako, Hamisi. Imefanya kazi.

Nimekwambia mapema kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kulitafuta hilo. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, pamoja na jambo moja nililokufanyia na ambalo hukulijua.

Unakumbuka Baba alivyokuja mjini kutazamwa macho hospitali ya Kitete. Alishuka kwenye treni na zeze lake ndani ya gunia, kibuyu kimetokeza kama kichwa cha mtu. Mimi niliona haya. Unajua nilivyolelewa, Mama ni Mmoraviani wa kukaa benchi la mbele kanisani, na Baba akianza kupiga zeze lake Mama alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango. Nami nilikua nikijua kwamba zeze ni kitu cha pombe na ngoma, kisha nikaenda chuo cha ualimu nikajifunza kulionea haya zaidi. Siku ile nilikuwa na vipindi, nikamwacha Baba dukani kwako kama mtu anavyoacha mzigo stesheni.

Niliporudi alasiri nilikukuta umekaa naye mkekani. Redio za watu zimepangwa mezani vilevile, hujagusa hata moja. Baba amekiegemeza kibuyu kifuani, anapiga, nawe umefumba macho. Uliponiona ukasema, "Mwalimu, una baba wa namna hii na hujawahi kuniambia?"

Baba alikueleza shida yake. Tangu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, uwanja wa mikutano ni mpana, na zeze halifiki kwa watu. Zamani alipiga kwenye boma la ukoo, watu kumi na watano, mgongo kwa mgongo. "Kijiji kimekua," alisema, "kibuyu hakijakua." Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Halafu ukakigonga kibuyu kwa kidole, na nilijua tayari umeshaanza kazi.

Ulitoa kichwa cha sindano kwenye gramafoni moja mbovu, kile chenye kijiti cha kauri ndani, ukakibandika kwenye kibuyu kwa nta, ukaunga waya hadi kwenye amplifaya ya harusi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya debe linaloburutwa. Kisha kichwa kikaanguka. Kibuyu ni mviringo na kile kitu kimenyooka na ni kigumu. Vinagusana mahali padogo tu. Ukajaribu cha pili, kikaanguka. Cha tatu ukakikandamiza, kikavunjika mkononi mwako. Ndipo ulipovitazama vile vipande vya kauri kiganjani ukasema neno ambalo nimelirudia moyoni mara nyingi:

"Hiki kijiti kikiminywa kinatoa umeme. Kikisagwa je? Unga wake utakuwa umesahau? Tuutie kwenye kitu kinachojikunja."

Mimi nilicheka. Mbele ya Baba. Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, "Hamisi, unga ni unga."

Ulikwenda kuchukua kinu kidogo cha shaba cha Mama Zuhura, ukasaga vile vipande kwa maji ili vumbi lisiruke, na yeye akakitafuta kinu chake siku mbili akitaka kutwanga iliki. Unga ukauchanganya na gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, ukaupaka juu ya kioo, ukauacha ukauke, ukaubandua. Ulipasua kapasita kuukuu ukakunjua ile karatasi yake ya bati, ukabandika upande huu na upande huu. Kitu chenyewe kilikuwa cha kijivu, kinanuka petroli, upana wake vidole viwili. Ulikizungusha kwenye dole gumba lako ukanionyesha. "Ngozi," ulisema. Lakini ulipoiunga na amplifaya na kuigonga, haikusema kitu. Uligonga tena kwa nguvu. Kimya.

Ulitengeneza sita. Zote kimya. Baada ya hapo ukaniomba niwaandikie wataalamu wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam. "Mimi Kiingereza changu kinaishia Itigi," ulisema, "chako kinafika pwani." Ukawa unasema kwa Kiswahili na mimi naandika kwa Kiingereza, hapo hapo mezani kwako, kati ya risasi ya kulehemu na vipande vya waya. Ukaweka sahihi yako ndefu. Chini yake nikaandika jina langu na la shule, kama mfasiri. Nikaichukua niipeleke posta.

Hamisi, sikuipeleka.

Ilikaa ndani ya kitabu changu cha fizikia, ukurasa wa umeme. Niliwawazia wasomi wale wakiipitisha mkono kwa mkono na kucheka: fundi redio wa Tabora anasaga kauri kwenye kinu cha iliki, na mwalimu mzima amemwandikia. Nilichelea jina langu. Nimejitafutia sababu nyingine bora kuliko hiyo, sijaipata.

Kila Ijumaa, ukitoka msikitini, nilipita dukani tunywe kahawa, nawe uliniuliza, "Wamejibu?" Nikasema, "Bado." Nawe ukawatetea! "Wana kazi nyingi wale, Mwalimu. Tusiwaharakishe." Hilo ndilo lililoniuma, lakini halikuniuma kiasi cha kunipeleka posta.

Kisha ukaugua. Siku nane ulilala Kitete, macho yako ya njano. Siku ya tano nilikuja na uji. Mama Zuhura alikuwa ametoka nje kufua, tukabaki wawili. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Wamejibu?"

Nikasema, "Wamejibu. Wanasema uendelee, njia yako ni nzuri."

Ukafumba macho. "Sikukwambia?" ukasema. Kisha ukauliza wamesema nini kuhusu gundi, ikabidi nitunge na hilo. Nikasema gundi haina neno. Ukatabasamu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Siku zilizobaki ulikuwa na watu wako, na mimi nilisimama mlangoni. Tulikuzika Jumatano. Nilikaa nyuma na wale Wakristo wengine wa mtaani, sijui mikono niiweke wapi.

Wiki chache baadaye shule ilipata magazeti ya sayansi ya miaka iliyopita, mzigo mzima, zawadi kutoka nje. Mimi ndiye niliyepewa kuyapanga maktabani. Katika moja kulikuwa na habari fupi, safu nusu, na picha ya mkono umeshika kitu chembamba umekikunja. Walikuwa wanaeleza kwamba Ujapani na kwingineko wanachanganya unga wa kauri ile ile na plastiki au mpira, wanapata utando laini unaotoa umeme ukiguswa. Nilisimama. Kisha nikakaa. Niliisoma mara nne.

Ulikuwa umebakiza hatua moja tu. Kila chembe ya ule unga ina upande wake mmoja na upande wake wa pili, kama betri ndogo. Ukizisaga na kuzichanganya, kila moja inaangalia kwake. Hii ikisukuma, ile inavuta, jumla yake ni kimya. Wao wanaupasha utando moto kidogo, wanauweka chini ya umeme mkali kwa muda, chembe nyingi zinageukia upande mmoja. Wanauacha upoe umeme ukiwa bado umewashwa. Zikipoa zinabaki hivyo. Basi. Umeme mkali ulikuwa nao dukani kwako miaka yote, ndani ya zile redio za valvu. Na mtu wa kukueleza habari hiyo alipaswa kuwa yule ambaye angeisoma barua yako, kama angeletewa.

Asubuhi yake niliitoa barua kitabuni. Nikaongeza ukurasa mmoja kwa mkono wangu: mwenye wazo amefariki, na kuchelewa kwa barua ni kosa langu mimi. Nikaipeleka posta kwa miguu yangu na nikasubiri mpaka karani akaigonga muhuri.

Mama Zuhura alipotoka eda nilikwenda kumwona. Alikuwa anachagua mchele uani. Nikamweleza yote, barua na uongo wa hospitali. Hakuinua macho mpaka ungo ulipokwisha. Ndipo akasema, "Alikwenda na furaha yake, Mwalimu, siwezi kumnyang'anya. Lakini uongo ni wako, utaubeba mwenyewe." Nikasema ndiyo. Akasema, "Vitu vyake viko kwenye boksi chini ya meza. Umekuja kufanya au umekuja kusimulia?"

Tukafanya. Shangazi yako akawa anakaa nasi dukani na tasbihi yake, ili watu wasipate la kusema. Niliunga ile redio kubwa ya valvu na amplifaya ya zamani pamoja, nikapata umeme wa kutosha kumuua ng'ombe. Mkono mmoja niliuweka mfukoni kama ulivyonifundisha, ili umeme usinipitie moyoni. Mafuta ya karanga kwenye sufuria ndogo, moto wa mkaa, ngozi katikati ya vibati viwili vyenye umeme. Ya kwanza ililia "ta!" na cheche ya buluu, ikatoboka tundu kama la sindano. Ya pili nayo. Shangazi akaacha tasbihi akasema, "Huyu mwalimu atatuchomea nyumba."

Mama Zuhura aliichukua ile iliyotoboka akaitazama kwenye mwanga wa mlango. "Hapa nene, hapa nyembamba, hapa pana povu," akasema. "Toka hapo." Akanawa mikono. Akausubiri mchanganyiko ukauke kidogo, akaukanda kama unga wa chapati, akauweka kati ya plastiki mbili, akasukuma kwa kile kifimbo chake cha chapati. Akageuza, akasukuma, akageuza. Alipoinua ilikuwa sawa kila mahali, haina povu hata moja. "Mume wangu alikuwa anapaka kama anapaka siagi kwenye mkate," akasema. "Si angeniuliza?" Mimi nikacheka, naye akacheka, kisha akaanza kulia, na wakati analia hakuacha kusukuma.

Hiyo haikutoboka. Tuliiweka saa nzima. Nikauondoa moto, umeme nikauacha mpaka mafuta yakapoa. Tukaifuta, tukabandika bati, tukaunga. Nilishindwa kuigusa. Mama Zuhura aliigonga kwa ukucha. Spika ikasema, ko. Akagonga mara mbili. Ko, ko. Kisha akainama akaipulizia, na spika ikapumua.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nikwambie kwamba sauti yake ni ndogo. Lazima amplifaya ifunguliwe karibu yote, na inavuma. Lakini ni sauti.

Tulikwenda Goweko kwa treni, mimi, Mama Zuhura na shangazi, na betri ya gari miguuni petu. Mama Zuhura alimsalimu Baba, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu," Baba akasema, akaushika mkono wake muda mrefu. "Pole. Alikuwa mtu wa kusikiliza." Macho yake sasa yanaona kivuli tu. Tulimpa ngozi aishike. Aliipapasa, akaikunja, akasema, "Kama jani la tumbaku lililoiva." Tukaivika kwenye kibuyu, ikakaa yote, mwanzo mpaka mwisho, haikuacha nafasi, tukaziba kingo kwa nta ya nyuki.

Mwenyekiti wa kijiji alituruhusu uwanja baada ya ibada. Watu walitoka kanisani na Biblia kwapani wakasimama kando kando, wengine kule ghalani, tayari kuondoka. Baba akaanza. Mwanzoni palikuwa na mvumo tu, watoto wakacheka. Nikarekebisha waya. Halafu ukasikika uzi wa kwanza, ukafuata wa pili, na sauti ya kizee ya Baba nyuma yake, maana kibuyu kiko kifuani na ngozi ilichukua hata kifua. Wale wa ghalani wakageuka. Mama yangu, ambaye miaka yote alikuwa akifunga mlango, alitoka na kigoda akakaa mbele ya nyumba. Sikujua kwamba anayajua maneno ya nyimbo zile. Niliona midomo yake ikiyasema yote.

Katika wimbo wa tatu jua liliilegeza nta, ngozi ikabanduka, spika ikazimika. Nilikimbilia waya. Baba hakujua, aliendelea kupiga. Yeye analisikia zeze kifuani mwake, spika haimhusu. Nilipoinua kichwa niliona watu wanatembea. Nilidhani wanaondoka. Walikuwa wanakuja. Walisogea mmoja mmoja, wakamzunguka, wakakaa chini karibu kabisa na miguu yake, ili wasikie wimbo uishe.

Baadaye nilimweleza Baba kwamba chombo kilizimika katikati. Akauliza, "Lakini walikuwa wameshasikia?" Nikasema walishasikia. Akasema, "Basi mwambie fundi."

"Baba, Hamisi alikufa."

"Najua alikufa. Mwambie."

Ndiyo maana nimekuandikia. Kuhusu Chuo Kikuu, bado hawajajibu, na safari hii ni kweli. Wakijibu, Mama Zuhura ndiye atakayeifungua bahasha, tumeshakubaliana. Yeye sasa anashinda dukani. Anatengeneza ngozi nyingine ya Baba, nene zaidi kidogo, na ameniagiza nitafute nta isiyoyeyuka upesi. Kila Jumamosi anataka nimfundishe kusoma michoro ya saketi. Tumefanya mara mbili. Mara ya pili yeye ndiye aliyenionyesha waya niliouchora vibaya.

Nakuaga hapa, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu akupe raha ambayo mimi sikukupa siku zile za mwisho isipokuwa kwa uongo. Sijui kama huko mnasamehe kwa barua. Kama ndiyo, nisamehe. Kama hapana, nitaendelea kama Mama Zuhura alivyosema.

Ahadi yangu ni moja. Kesho nina kipindi cha kwanza na kidato cha nne, somo la umeme. Nitaliandika jina lako ubaoni, Hamisi, fundi redio wa Ng'ambo. Nitawaeleza wanafunzi ulichokifanya, nitawaeleza na mimi nilichokifanya, na sitalifuta mpaka kengele igongwe.

Wako,
Zakaria